Umehisi teke kisiginoni, ukigeuka hakuna mtu

Watu waliowahi kukatika kano ya kisigino husimulia kisa kimoja hata kama hawajuani. Mtu anakimbilia mpira, anaruka mtaro au anasukuma gari lililozima, ghafla anasikia "pa!" nyuma ya mguu, kama amepigwa teke au jiwe. Anageuka kwa hasira kumtafuta aliyempiga. Nyuma hakuna mtu.

Kinachofuata nyumbani ndicho huamua kama atarudi kutembea vizuri au atachechemea miaka yote. Baba ameletwa kwa bodaboda, amekaa kwenye kochi, mguu juu ya stuli. Anajaribu kukanyaga, anaweza. Vidole vinacheza. Hakuna damu wala mfupa uliochomoza. Familia inakubaliana kwamba ameteguka tu. Anaitwa mchuaji, yanachemshwa maji ya chumvi, mtoto anatumwa duka la dawa kununua vidonge vya maumivu. Baada ya siku tano maumivu yamepungua, kila mtu anamshukuru Mungu. Miezi miwili baadaye baba bado hawezi kupanda ngazi sawasawa, na kigimbi cha mguu ule kimeanza kunywea.

Kumbe hakuteguka. Kano ilikatika vipande viwili, na siku zile za kuchuliwa ndizo zilizokuwa siku nzuri zaidi za kuitibu.

Mshipa usio wa damu

Kano ni kamba ngumu inayofunga msuli kwenye mfupa. Mtaani wengi huiita mshipa, jina ambalo huchanganya watu kwa sababu mishipa ya damu nayo huitwa hivyo hivyo. Aliyewahi kunywa supu ya makongoro anaijua kano: ni zile kamba nyeupe zinazovutika mdomoni na kugoma kutafunika.

Ya kisigino, ambayo vitabu vya tiba huiita kano ya Achilles, ndiyo nene na imara kuliko zote mwilini. Ukiibana kwa vidole viwili juu kidogo ya kisigino utaihisi. Mtu anapokimbia, kano hiyo hubeba mzigo wa mara sita hadi nane ya uzito wa mwili wake. Kwa baba wa kilo 80, hiyo ni karibu nusu tani au zaidi, hatua baada ya hatua.

Pamoja na nguvu zote hizo, ina upungufu mmoja. Damu inayoifikia ni kidogo ukilinganisha na inayokwenda kwenye msuli, na sehemu iliyo kati ya sentimita 2 na 6 juu ya kisigino ndiyo hupata kidogo zaidi. Hapo ndipo hukatika mara nyingi. Ndiyo maana msuli uliovutika unaweza kutulia ndani ya wiki chache, lakini kano iliyoumia hupona kwa kuhesabu miezi.

Wanaokatika sana ni wanaume wa miaka 30 hadi 50. Wiki nzima yuko ofisini au nyuma ya usukani, Jumapili anaingia kwenye bonanza la maveterani bila kupasha misuli moto, anacheza kama ana miaka 19. Kano haijui kwamba ni mechi ya kirafiki.

Kutembea si ushahidi

Haiwapati wazembe wa mazoezi peke yao. David Beckham aliumia hivyo Machi 14, 2010 akiichezea AC Milan dhidi ya Chievo, bila kuguswa na mtu. Siku iliyofuata alipasuliwa mjini Turku, Finland, na Kombe la Dunia la Afrika Kusini likampita. Alirudi uwanjani Septemba mwaka huohuo. Alikuwa na miaka 34 alipoumia, umri uleule aliokuwa nao Kobe Bryant, nyota wa mpira wa kikapu wa Marekani, kano yake ilipokatika Aprili 12, 2013.

Kisa cha Kobe kina funzo kwa kila nyumba. Baada ya kano kukatika alisimama kwenye mstari, akapiga mitupo miwili huru, akaingiza yote miwili, kisha akatoka uwanjani kwa miguu yake mwenyewe.

Inawezekanaje? Nyuma ya kifundo cha mguu zinapita kano nyingine ndogo zinazoshuka hadi unyayoni na vidoleni. Kano kubwa ikikatika, hizi ndogo bado zinaweza kuuinamisha mguu kwa shida, ndiyo maana mtu anatembea na vidole vinacheza. Asichoweza ni kusimama kwa ncha ya mguu huo mmoja na kuinua kisigino. Hiyo kazi haina msaidizi.

Kuna kipimo ambacho hakihitaji kifaa, na ndicho daktari mwenyewe huanza nacho. Mgonjwa alale kifudifudi kitandani, miguu yote miwili ining'inie nje ya ukingo wa godoro. Kwanza itazame tu. Mguu mzima huwa umeinama kidogo, vidole vikielekea chini kwa asili yake, wakati ule uliokatika kano huning'inia wima. Kisha kibane kigimbi cha mguu mzima kwa kiganja, kama unayekamua nguo. Utaona unyayo unachezacheza na kuinama. Fanya hivyo upande ulioumia, kwa upole. Unyayo ukibaki kimya, usitafute mchuaji. Tafuta usafiri wa kwenda hospitali.

Wakati mwingine ukipitisha kidole kando ya kano utakutana na kishimo ambacho upande wa pili hakipo. Lakini uvimbe ukishajaa kishimo hufichika, kwa hiyo kutokukiona hakumaanishi kwamba mambo ni salama.

Mgonjwa asikanyage mguu huo. Mfungeni na kipande cha ubao au boksi gumu mguu ukiwa umeinama, vidole vikiangalia chini, kwa sababu mkao huo husogeza ncha mbili za kano zikaribiane. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 kwa wakati, husaidia uvimbe. Kuchua, hapana. Mchuaji ana kazi yake kwenye msuli uliokaza kwa uchovu, na hakuna sababu ya kumdharau. Kano iliyokatika ni kamba yenye ncha mbili zilizoachana, na mkono hauwezi kuziunga kwa kusugua. Unaweza kuzitenganisha zaidi.

Na eksirei? Familia nyingi hutulia zikiambiwa "picha haioneshi kitu". Eksirei ni ya mfupa. Kano haionekani vizuri humo. Kipimo kinachoiona ni utrasaundi, ileile inayotumiwa kwa wajawazito, au MRI pale ilipo. Hata hivyo daktari mwenye mikono mizuri hahitaji mashine ili aanze tiba.

Kisu au kiatu

Hapa ndipo wengi hukata tamaa mapema, wakiamini kwamba bila fedha za upasuaji mguu umekwisha. Sivyo.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kupasua na kuzishona ncha za kano. Ya pili ni kuufunga mguu ukiwa umeinama, kwa plasta gumu ambalo mtaani huitwa hogo au kwa buti maalumu lenye vipande vya kuinua kisigino, halafu kuurudisha kidogo kidogo kwenye mkao wa kawaida kwa muda wa wiki nane hadi kumi hivi, huku mazoezi yakianza mapema chini ya mtaalamu.

Mwaka 2022 watafiti wa Norway walichapisha matokeo ya wagonjwa 526 waliogawanywa kati ya njia hizi. Baada ya mwaka mmoja, uwezo wa miguu yao ulikuwa sawa kwa pande zote. Tofauti zilikuwa mbili. Kwa waliotibiwa bila kisu, wagonjwa kama 6 katika kila 100 walikatika tena, wakati kwa waliopasuliwa hawakufika hata mmoja katika 100. Lakini waliopasuliwa ndio walioumia zaidi neva: kati ya 3 na 5 katika kila 100, na upande wa pili chini ya mmoja.

Mchezaji anayeishi kwa miguu yake anaweza kuchagua kisu kwa sababu hiyo. Fundi cherehani wa miaka 50 mwenye kisukari, ambaye kidonda chake kitachelewa kufunga, anaweza kuchagua buti na asiwe amepunjwa chochote. Ni mazungumzo ya kufanya na daktari bingwa wa mifupa, si jambo la kuamuliwa na jirani.

Sharti moja la njia ya pili ni muda. Inafanya kazi vizuri mguu ukifungwa ndani ya siku chache, na isizidi wiki mbili hivi. Ikipita wiki ya nne, ncha za kano zimejivuta na kovu limejaa katikati. Hapo kuziunganisha huhitaji upasuaji mkubwa zaidi, na mara nyingine daktari hulazimika kuazima kano ya kidole gumba cha mguu kuziba pengo. Baba aliyeambiwa "subiri uvimbe upungue" kwa mwezi mzima amepoteza njia iliyokuwa rahisi kwake.

Mwenye hogo au buti aangaliwe pia kwa jambo ambalo familia huwa hazielezwi vya kutosha. Mguu usiotembea unaweza kuganda damu. Kigimbi kikivimba na kuuma kuliko mwanzo, au mgonjwa akianza kupumua kwa shida na kuhisi kifua kinachoma, arudishwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Kutembea kawaida huchukua karibu miezi mitatu. Mbio nyepesi huanza mwezi wa nne hadi wa sita. Mpira, miezi sita hadi mwaka. Anayerudi bonanza mwezi wa tatu kwa sababu "hakuna maumivu" anajiandikisha kwenye wale sita.

Ile inayouma asubuhi tu

Matatizo mengi ya kano hayaanzi kwa kishindo. Huingia polepole. Mama anaamka, hatua tano za kwanza kwenda bafuni ni za kuchechemea, nyuma ya mguu pamekaza. Akishatembea kidogo panalainika, siku inaendelea. Jioni baada ya kusimama dukani saa kumi panaanza tena. Akipapasa anahisi kano imenenepa upande mmoja, ikiguswa inauma. (Maumivu ya asubuhi yaliyo chini ya kisigino, upande wa unyayo, kwa kawaida ni jambo jingine: ni utando wa unyayoni, si kano hii.)

Wengi hupumzika wiki mbili, wakapata nafuu, wakarudi kazini, maumivu yakarudi nao. Wanapumzika tena. Kila wanapopumzika kano inazidi kudhoofika, na kila wanaporudi mzigo ni uleule.

Aliyewasaidia madaktari kulielewa hili vizuri alikuwa na hasira. Håkan Alfredson, daktari wa mifupa wa Umeå, kaskazini mwa Sweden, aliumwa kano ya kisigino kwa muda mrefu miaka ya 1990 na hakuweza kukimbia. Akamwomba mkuu wake ampasue. Mkuu akakataa, maana kano haikuwa imeharibika kiasi cha kumtoa kazini wiki nyingi. Alfredson akaamua kuiharibu mwenyewe kwa mazoezi mazito hadi wakubali. Badala ya kukatika, kano ikapona.

Mwaka 1998 alichapisha utafiti wa wakimbiaji 15 wa kawaida, wa umri wa makamo, waliokuwa wameshindwa tiba nyingine. Baada ya wiki 12 za mazoezi hayo, wote 15 walirudi kukimbia. Tangu hapo tiba ya kano imegeuka: inapewa mzigo, kwa kipimo.

Zoezi lenyewe linahitaji ngazi moja tu na kitu cha kushikilia. Simama ncha za miguu zikiwa ukingoni mwa ngazi, visigino vikining'inia nje. Panda juu kwa ncha za miguu yote miwili. Ukiwa juu, hamishia uzito wote kwenye mguu unaouma, kisha ushushe kisigino polepole hadi kipite chini ya ukingo. Tumia mguu mzima kupanda tena. Fanya mara 15, pumzika, rudia hadi raundi tatu. Halafu raundi tatu nyingine goti likiwa limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni, kila siku, wiki 12. Ukipiga hesabu ni mara 180 kwa siku, na ndiyo maana wengi huacha wiki ya tatu.

Kwa asiyeweza hivyo kuna habari njema. Utafiti wa Denmark uliotoka mwaka 2015 ulionesha kwamba mazoezi mazito ya polepole mara tatu tu kwa wiki yalileta matokeo yanayolingana, na wagonjwa waliyapenda zaidi. Uzito unaweza kuwa begi la shule lenye kilo tano za mchele, likaongezwa kadiri mguu unavyozoea.

Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanaruhusiwa. Kipimo ni asubuhi inayofuata: yakiwa yamerudi yalivyokuwa, endelea, yakiwa yamezidi, punguza uzito, usiache. Anayeumwa pale kano inapojishika na mfupa wa kisigino afanye sakafuni bila kushusha kisigino chini ya usawa, kwa sababu kushusha hapo huikandamiza kano. Na yeyote ambaye unyayo wake ulibaki kimya kwenye kipimo cha kitandani asiguse zoezi hili kabisa.

Viatu pia vina neno. Ndala bapa za kushinda nazo kutwa huivuta kano inayouma; raba yenye kisigino kilichoinuka kidogo huipa nafuu kwa wiki za mwanzo. Sindano ya steroidi kwenye kano hii ni ya kuikataa kwa adabu. Hutuliza maumivu haraka, lakini inaweza kuidhoofisha kano hadi ikakatika.

Unyayo wa mama unaolala

Ndani ya kifundo, upande wa mguu wa pili, inapita kano nyembamba inayoshikilia upinde wa unyayo. Hii huwachosha zaidi wanawake waliopita miaka 40, hasa wenye uzito mkubwa, kisukari au presha. Dalili huonekana kwanza kwenye kiatu. Kinalika upande wa ndani na kuegemea upande huo, na mwenyewe anadhani amenunua kiatu kibovu.

Msimamishe mama peku kwenye sakafu, umtazame kutoka nyuma. Mguu mzima huonesha kidole kimoja au viwili kwa nje. Ule wenye tatizo huonesha vitatu au vinne, kwa sababu unyayo umelala na kugeukia nje. Mwambie asimame kwa ncha ya mguu huo mmoja. Kama hawezi, au kisigino hakigeuki kuingia ndani anapopanda, kano imeshachoka.

Hii haifai kusubiriwa. Mwanzoni kano inaweza kusaidiwa kwa mazoezi, kupunguza uzito na soli maalumu ya kuinua upinde. Soli hizo hutengenezwa na mafundi sanifu wa viungo tiba, fani inayofundishwa TATCOT, Moshi, na hospitali kubwa za mifupa huwa nao. Ukiachwa miaka, unyayo hukakamaa ukiwa umelala, na hapo soli haitoshi tena.

Upande wa nje wa kifundo nako kuna kano mbili, ambazo huumia mtu anapoteguka. Kifundo kilichoteguka ambacho baada ya wiki sita bado kinauma nyuma ya ule mfupa wa nje, au kinatoa sauti kama kuna kamba inayoruka, kirudishwe kwa daktari.

Mtoto anayekwepa mpira

Kwa watoto mambo hubadilika, kwa sababu ndani ya mtoto kano ina nguvu kuliko mfupa unaoishikilia. Kati ya miaka 8 na 14 mfupa wa kisigino bado una sehemu laini ya kukulia, na kano inaivuta kila mtoto anapokimbia. Mtoto anarefuka ghafla, msuli haujarefuka kwa kasi hiyo, kamba inakaza. Matokeo yake ni mtoto aliyekuwa hatoki uwanjani sasa anachechemea baada ya michezo, anatembea kwa vidole akitoka shule, na mwalimu anasema anadeka.

Hadeki. Bana kisigino chake pande zote mbili kwa kiganja, kulia na kushoto kwa pamoja. Akiruka kwa maumivu umepata jibu la kwanza. Hali hii haimwachii kilema. Apunguziwe mbio na kuruka kwa wiki kadhaa, anyooshe vigimbi kila siku kwa kuegemea ukuta, na viatu vyake viwekewe kipande cha sponji kisiginoni, vyote viwili ili miguu isipishane urefu. Sehemu ile ikishakomaa, maumivu hukoma yenyewe.

Lakini mzazi asiyaweke maumivu yote ya kisigino kwenye kapu hili. Mtoto mwenye homa, mguu uliovimba na kuwa wa moto, anayeamshwa na maumivu usiku au anayekataa kabisa kukanyaga, huenda ana maambukizi kwenye mfupa. Mwenye selimundu ndiye wa kuwahiwa zaidi. Naye mtoto aliyepita miaka mitatu ambaye kila siku anatembea kwa ncha za vidole apelekwe akaangaliwe. Wengine kano zao ni fupi, wengine tatizo liko kwenye ubongo unaoamrisha misuli.

Kuna watoto ambao kano hiyohiyo hukatwa kwa makusudi. Kwa aliyezaliwa na nyayo zilizopinda kuingia ndani, njia inayotumika duniani kote ni ya Ignacio Ponseti, daktari mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani. Mguu hunyooshwa taratibu na kufungwa plasta linalobadilishwa kila wiki, kwa wiki tano au sita hivi. Kisha, kwa walio wengi, daktari hukata kano ya kisigino kwa ncha ndogo ya kisu, kwa ganzi ya sehemu hiyo tu, ili kisigino kishuke. Plasta la mwisho hukaa wiki tatu, na likitolewa kano imeshaota upya ikiwa ndefu zaidi. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, ni miongoni mwa zinazotibu watoto hawa.

Mama anayesikia neno "kukata" akakimbia kliniki anamnyima mtoto hatua iliyobaki. Na kinachoharibu tiba hii mara nyingi huja baadaye, nyumbani. Mtoto anatakiwa kuvaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma saa 23 kwa siku miezi mitatu ya mwanzo, kisha usiku tu hadi karibu miaka minne. Bibi anamwonea huruma, anamvua. Nyayo zinarudi zilikotoka.

Dawa ya UTI iliyoko kabatini

Kano inaweza kuumizwa pia na kidonge. Dawa za kundi la siprofloksasini, ambayo wengi huiita sipro, pamoja na levofloksasini, hutumika kwa UTI, kuhara na maambukizi mengine. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza ziwekewe onyo zito kwamba zinaweza kusababisha kano kuvimba na hata kukatika, hasa ya kisigino. Hatari ni kubwa zaidi kwa waliopita miaka 60, wanaotumia steroidi kama predinisoloni, na waliopandikizwa figo. Maumivu yanaweza kuanza ndani ya siku chache, au miezi kadhaa baada ya dozi kwisha.

Dawa hizi zina kazi yake na daktari akiziandika kwa sababu maalumu zitumike. Shida ni bibi anayenunuliwa sipro bila kupimwa mkojo, huku anameza predinisoloni za pumu alizoandikiwa kwingine. Kano ya kisigino ikianza kuuma katikati ya dozi, aache kuimeza, apumzishe mguu na aende kwa daktari siku hiyo apewe dawa nyingine.

Onyo lenyewe limeandikwa kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi. Dukani boksi hufunguliwa, vidonge vinauzwa kumi kumi kwenye bahasha ndogo, karatasi inabaki kaunta. Iombe.